Mkwe Asiyetajwa Barazani

Bujonde, 7 Machi 1909

Kaka yangu Ambilikile,

Ugonile, kaka! Nakuamkia kwa lugha ya nyumbani kwanza, uone kwamba ndoa haijanisahaulisha adabu. Mama hajambo, mguu umepona na sasa anagombana na kila mtu kama zamani. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mvua ni nyingi mno, na mpunga wa bondeni umefika magotini. Baba anataka kujua kama huko Dar es Salaam kuna mtu anayekupa maziwa, au unakunywa maji ya chumvi tu.

Na mimi! Mimi ni mzima, kaka, mzima kupita mtu anavyopaswa kuwa. Najua Baba alikwisha kukuandikia kwamba nimeolewa na Hezroni, lakini Baba aliandika kama mtu anayetangaza kupotea kwa mbuzi. Huyu Hezroni! Anapalilia huku anaimba, na wimbo ukimshinda anatunga maneno yake mwenyewe, na mara nyingi jina langu limo. Juzi alikwenda kwa mtumbwi mpaka soko la Lyulilo kuninunulia chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, kwa sababu siku moja tu, tena kwa mzaha, nilisema vyungu vya wanawake wengine vinachemka upesi kuliko changu. Alikipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Mawimbi yalipokuja wenzake walishika makasia, yeye alishika chungu. Walimtukana sana, na ananisimulia matusi yenyewe kwa fahari. Naona haya kumwandikia mwanamume mambo haya, tena kaka yangu, lakini ni wewe uliyenifundisha kusoma. Basi vumilia.

Sasa shauri lenyewe.

Unaujua mto Songwe ulivyo. Haupiti njia moja miaka miwili. Hezroni alizaliwa ukingoni mwake, kabla Mzungu yeyote hajaweka mpaka, na wakati huo nyumba ya baba yake ilikuwa upande wetu huu. Mafuriko yakaja, mto ukakata njia mpya nyuma ya nyumba, na asubuhi watu wakajikuta ng'ambo bila kuhama. Baadaye serikali mbili zikakubaliana kwamba mto ndio mpaka: huku Wajerumani, kule Waingereza. Hezroni akakulia kule, akaja huku akiwa kijana, akafyeka shamba, akanipata mimi.

Na sasa Bwana Mkubwa mpya wa boma ametoa amri yake. Wote waliotoka ng'ambo waende barazani Ipinda, mpunga ukishavunwa. Kila mmoja ataulizwa maswali juu ya serikali na sheria, ijulikane kama anafahamu anaishi chini ya nani. Tena alete mzazi wa kushuhudia asili yake. Atakayekubaliwa ataandikwa raia wa upande huu, chini ya malafyale, mtawala wetu wa jadi. Atakayekataliwa atarudi ng'ambo kabla ya mvua za kupandia, aache shamba na nyumba. Na je, mimi nitafuatana naye au nitabaki? Hakuna aliyesema, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Hezroni anasoma Kinyakyusa vizuri, ila Kiswahili chake ni cha sokoni, na maswali yatakuwa ya Kiswahili. Kwa hiyo namfundisha, na ndiyo sababu nakuandikia kwa Kiswahili, nami nijizoeze. Lakini mwalimu ana maswali mengi kuliko mwanafunzi! Wewe unanakili mashauri ya serikali kila siku, basi niambie. Nani anatunga sheria, na anakuwa ameketi wapi akiitunga? Kaizari anajua kwamba kuna Bujonde? Na mto ukihama tena, je, mpaka unahama nao au unabaki pale pakavu? Kama unahama, mtu anaweza kulala raia wa huku akaamka raia wa kule, na jambo hilo natamani kulielewa hata kama halitatusaidia kitu.

Ni mimi mdogo wako,
Neli, mke wa Hezroni (tazama nilivyoliandika vizuri!)


Dar es Salaam, 2 Mei 1909

Mdogo wangu Neli,

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa upande mmoja, na upande uliolowa ndio uliokuwa na sifa za shemeji. Zilizosalia zinatosha. Mimi ni mzima. Joto ni kali, samaki ni wengi, na ndizi zao ni ndogo kama vidole lakini wanaziita ndizi bila haya. Mwambie Baba maziwa nayanunua. Msalimie Mama, ukiona amenyamaza.

Sheria kubwa hutungwa Ulaya, Berlin, na Kaizari pamoja na wakubwa wenziwe. Gavana anakaa hapa mjini. Paa la nyumba yake naliona nikienda kazini. Yeye hutoa amri za nchi hii nzima. Chini yake kuna mabwana wa wilaya, na huyo wenu ni mmojawapo. Ndiye hakimu, ndiye mpokea kodi, ndiye mkubwa wa askari, yote mtu mmoja. Kwetu malafyale naye alikuwa vivyo hivyo, ila malafyale unaweza kumfuata kwake ukamlalamikia, na mwisho akakupa pombe. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona mimi.

Kaizari hajui kwamba kuna Bujonde. Nimeiona ramani ofisini. Ziwa limo, Songwe umo, mwembamba kama uzi, Bujonde haimo. Usimwambie Mama.

Shemeji ajue kodi ya nyumba hulipwa kwa nani. Ajue kwamba mtu aliyedhulumiwa ng'ombe hajichukulii mwenyewe zizini kwa mwenzake, bali anapeleka shauri barazani. Ajue nani ana ruhusa ya kumpiga mtu kiboko na nani hana. Hilo la mwisho ajibu kwa ufupi.

Na wewe, baadhi ya maswali yako usiyaulize mbele ya askari. Vita vya Maji Maji vimekwisha juzi tu, na mtu anayeuliza "kwa nini" bado anatazamwa kwa jicho jingine.

Mzazi gani atakayeshuhudia? Hukusema. Ningeendelea, lakini karatasi imeisha.

Kaka yako,
Ambilikile


Bujonde, 23 Mei 1909

Kaka Ambilikile,

Hujanijibu! Labda barua yako iko njiani, labda simba amemla tarishi pamoja nayo; namwombea tarishi. Sisi tu wazima. Baba anakohoa kidogo. Mama ameanza kumwita Hezroni "mwanangu" na mimi "wewe". Mpunga unageuka rangi.

Laiti ungeona shule yetu! Tukishakula jioni, jua likiwa bado juu ya mpunga, napindua kinu, naketi juu yake, navaa kofia ya ukindu ya Hezroni, nakunja uso, nakuwa Bwana Mkubwa. Hezroni anasimama mbele yangu kama askari.

"Nani anatunga sheria?"

"Mke wangu."

"Amekosa! Arudishwe ng'ambo!"

"Samahani, Bwana Mkubwa. Basi ni mama wa mke wangu."

Jirani yetu Veronika, ambaye hajapata kufunga mdomo wake tangu azaliwe, alipiga kelele kutoka uani kwake: "Neli, mfukuze huyo, mimi nitampokea huko huko ng'ambo!"

"Veronika, nyamaza, serikali inasikia," Hezroni akamwambia.

"Serikali ni huyo aliyekalia kinu? Mwambie serikali uji wake unaungua."

Na kweli ulikuwa unaungua.

Sasa wengine waliotoka ng'ambo nao wanakuja kusikiliza. Jana Asajile, mwenye ndevu, aliuliza Kaizari akifa itakuwaje. Nikasema nilivyofundishwa misheni, kwamba mwanawe hushika mahali pake.

"Wazee hawakai kumchagua?"

"Hawakai."

Akafikiri sana. "Basi wana bahati, kama amekuwa mtu mzuri."

Kaka, nayapenda maswali haya kuliko majibu. Nampenda na Hezroni anavyofunga macho akikumbuka neno, halafu anayafungua kunitazama kana kwamba mimi ndiye jibu. Haya, nimeacha.

Sikukuambia habari ya shahidi, nami sasa nakuambia. Ni baba yake Hezroni. Jina lake silitaji wala siliandiki, na wewe unajua kwa nini. Wewe ni Mnyakyusa hata kama unakula samaki wa chumvi. Hapa nitamwita Mzee wa Ng'ambo. Tangu niposwe sijauona uso wake. Siku alipokuja kuzungumza na Baba nilijificha nyuma ya zizi mpaka alipoondoka. Tukikutana njiani mimi napinda majanini na yeye anageuka, na ndivyo tunavyoheshimiana. Mchungaji anasema Mkristo amsalimie mkwe wake kwa mkono. Mama anasema mchungaji hakuolewa hapa. Mimi nimebatizwa, nimesoma mpaka darasa la walimu, na bado nikisikia kikohozi cha yule mzee miguu yangu inaondoka kabla yangu. Sheria gani hii, kaka, isiyo na askari wala boma, na bado inatiiwa kuliko zote?

Wake nao wameamriwa kwenda barazani pamoja na waume zao. Sijui nitasimama wapi.

Swali moja dogo la mwisho. Mtoto, nasema mtoto yeyote, wa mtu yeyote, akizaliwa huku na baba ambaye hajaandikwa, ni raia wa wapi? Nauliza kwa ajili ya elimu tu.

Mdogo wako,
Neli


Dar es Salaam, 4 Julai 1909

Mdogo wangu Neli,

Nimefurahi kusikia serikali ya Bujonde inaongozwa juu ya kinu. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi, mkono unauma kwa kuandika. Kikohozi cha Baba mtazame.

Kwa ajili ya elimu tu, nakujibu. Sheria ya Wajerumani humweka mtoto kwa baba yake: baba akiwa wa huku, mtoto naye ni wa huku. Hivyo ndivyo wanavyofanya wao kwa wao. Kwetu sisi sijaona popote palipoandikwa, lakini nadhani Bwana wenu atafuata njia hiyo hiyo. Mwambie huyo mtu yeyote ale vizuri na asinyanyue vinu.

Swali la mto nilimpelekea mzee Lazaro, karani mwenzangu. Alicheka mpaka akavua miwani. Anasema waliochora mpaka walikuwa wamekaa chumbani, na hakuna aliyewaambia kwamba mto hutembea. Usiliulize barazani. Bwana akikosa jibu huona aibu, na aibu yake humwangukia aliyeuliza.

Lile la kufuatana naye au kubaki nimelisoma. Nitalijibu wakati mwingine.

Jambo moja ni la haraka. Mtu akiulizwa barazani akanyamaza, karani huandika "amekataa". Mimi mwenyewe nimeandika hivyo mara nyingi, na pengine maskini alikuwa anatafuta neno tu. Kwa hiyo ukiulizwa, jibu.

Kaka yako,
Ambilikile


Bujonde, 29 Agosti 1909

Kaka,

Baba amepona. Mpunga uko ghalani. Ziwa limetulia, na Hezroni ni mzima, namtazama sasa hivi ninapoandika, anafunga majembe.

Barua yako ya Julai imefika siku ya pili baada ya baraza. Baada, kaka!

Kila kitu kilianza vizuri mno. Bwana Mkubwa alikaa mezani chini ya banda, karani mkono wa kulia, mkalimani mkono wa kushoto, mtu wa pwani mwenye kanzu nyeupe ajabu katika vumbi lile. Asajile alijibu akakubaliwa. Hezroni alipoitwa nilidhani moyo wangu unasikika mpaka Lyulilo. Kodi, akajibu. Ng'ombe, akajibu. Kiboko, akajibu kwa ufupi. Aliulizwa nani mkubwa wa Bwana wa wilaya akasema Gavana, na juu ya Gavana akasema Kaizari, tena alifunga macho akayafungua. Bwana akapendezwa. Akasema kitu, mkalimani akanigeukia mimi, kwa upole kabisa, kama mtu anayemalizia kazi ndogo.

"Mama, mume wako ni mtoto wa nani?"

Nikanyamaza.

"Wewe mama, ni bubu?"

"Si bubu."

"Basi sema. Mume wako baba yake nani?"

"Siwezi."

"Hulijui jina lake?"

"Nalijua."

"Kama unalijua, lina mzigo gani? Litoe!"

Watu wakacheka, wanaume. Wanawake hawakucheka. Na hapo hapo, nyuma yangu, nikasikia kikohozi. Askari walikuwa wamemleta shahidi bila kungoja aitwe.

Nilijifunika nguo kichwani nikakimbia. Nilipita katikati ya wazee, nadhani nilimkanyaga mmoja, nikaangusha bunduki za askari zilizokuwa zimeegemezwa pamoja, nikatoka nje nikaendelea mpaka mwisho wa mashamba ya Ipinda. Yule mzee naye aliponiona aligeuka akaenda kusimama nyuma ya ng'ombe wa malafyale.

Yaliyofuata nimeambiwa. Bwana alikasirika. Alisema mke halijui jina la mkwe, mkwe hathubutu kumtazama mke, maana yake mzee huyu ameokotwa njiani, ni shahidi wa uongo. Malafyale alitaka kusema, akaambiwa shauri limekwisha. Hezroni ameandikwa amekataliwa. Tuvuke kabla ya mvua.

Hezroni alinikuta nimekaa kwenye mabua nalia. Nikamwambia, nipige, nitukane, fanya chochote. Akakaa karibu yangu.

"Ungesimama pale ukamtaja baba yangu kama mtu anayemwita mbwa," akasema, "ningeandikwa. Halafu ningemtazamaje?"

Kisha akaanza kucheka. "Bunduki zote, Neli! Zote! Maji Maji hawakuziangusha hivyo."

Unaona jinsi alivyo? Unaona kwa nini nimekuwa mjinga hivi?

Swali langu la kwanza hukulijibu mpaka leo, la kufuatana naye au kubaki. Sasa silihitaji. Nitakwenda naye. Mama ameambiwa na hajasema neno, na unajua Mama akinyamaza ni nini. Kule ng'ambo sina shamba, sina mtu, na huyo mtoto yeyote niliyekuuliza habari zake atazaliwa mwezi wa kwanza kwenye nyumba ambayo hatujaijenga.

Neli


Dar es Salaam, 10 Oktoba 1909

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni pa posta, nikaisoma tena ofisini. Mimi ni mzima.

Swali lako jibu lake nilikuwa nalo tangu mwezi wa tano. Mke huandikwa alipoandikwa mumewe. Sikutaka niwe mimi wa kukuambia kwamba ukimpenda Hezroni unaweza kuwapoteza Mama na Baba kwa wino wa mtu mmoja. Wewe umelijibu bila sheria yoyote. Basi.

Sasa tufanye kazi. Shauri lililokwisha linaweza kusikilizwa tena, likiletwa jambo ambalo hakimu hakulijua. Nimenakili mengi ya namna hiyo. Malafyale apeleke ombi kabla Bwana hajaondoka tena safarini. Lisiwe ombi la huruma. Liseme hivi tu: kuna desturi ya nchi ambayo Bwana hakuelezwa. Mabwana hawa wameagizwa kuwauliza wazee habari za desturi wanapowahukumu wenyeji. Wengine husahau.

Lakini kusema "ni desturi yetu" hakutoshi. Atasema mnaitunga leo. Mletee ushahidi, na ushahidi si maneno peke yake. Mwezi uliopita nilinakili shauri la watu wawili waliogombea mbwa. Wote waliapa, wote walileta ndugu. Hakimu alichoka kuwasikiliza, akaamuru mbwa afunguliwe kamba. Mbwa akaenda moja kwa moja kulala miguuni pa mwenyewe, shauri likaisha. Mfikirie huyo mbwa. Naomba radhi kwa kukupa mfano wa namna hiyo, lakini mfikirie.

Na ikiwa ni lazima mtu akimbie tena, basi mtu yeyote asikimbie matopeni katika hali yake.

Msalimie Hezroni. Mwambie nimesema ni shemeji mzuri, na asilizoee neno hilo.

Kaka yako,
Ambilikile


Bujonde, 12 Desemba 1909

Kaka yangu, kaka yangu Ambilikile,

Sisi sote wazima! Mama anaongea tena, hakuna anayepata nafasi ya kujibu. Mvua imeanza, na Hezroni anapanda. Anapanda hapa, kaka, kwenye shamba letu. Sasa unajua mwisho, nisimulie kwa utulivu.

Barua yako ilitukuta tumekwisha kufunga mikeka. Nilimfikiria yule mbwa siku nzima. Niliposonga ugali nilimfikiria, Hezroni akauliza mbona nacheka peke yangu. Malafyale alipeleka ombi, na Bwana alipofika Ipinda akakubali kutusikiliza kabla ya chakula chake. Mkalimani akatuambia tufanye haraka, Bwana ana njaa.

Nilisimama.

"Bwana Mkubwa, imeandikwa kwamba silijui jina la mkwe wangu. Nalijua. Mwanamke wa nchi hii hamtaji baba wa mumewe, wala hakai mahali alipo."

Bwana akajibu, mkalimani akasema: "Hayo unayasema wewe."

"Asiniamini mimi. Amuulize mwanamke yeyote aliye hapa."

Bwana akatazama. Wa kwanza kumwona ni Veronika. Kaka, Veronika! Mkalimani akamwuliza: "Wewe, baba wa mume wako anaitwa nani?" Akainamisha kichwa, akavuta nguo usoni, asitoe hata pumzi. Akaulizwa Marta, mke wa mwalimu wa misheni, mwenye viatu, ambaye huimba kanisani kuliko wote. Akafungua kinywa, nikaogopa, akakifunga. Wa tatu kimya. Wa nne kimya. Mkalimani akawa anatembea mbele ya wanawake mmoja baada ya mwingine, na kila alipofika nguo ilipanda usoni. Karani alikuwa ameinua kalamu, akamtazama Bwana. Nadhani alikuwa anauliza aandike kwamba wilaya nzima imekataa.

Bwana akaegemea kiti. "Sawa," mkalimani akasema. "Na kukimbia je?"

Hapo nikamshukuru mbwa wako.

"Siku ile palikuwa na wazee wengi katika banda hili. Nilipita katikati yao, mwingine nilimkanyaga mguu, yuko pale, aniwie radhi. Nilimkimbia mmoja tu. Mwanamke hamkimbii baba wa mume wa mwenzake. Kama tungeokota mzee njiani aje kudanganya, ningesimama papo hapo nikamtazama usoni. Bwana Mkubwa, kukimbia kwangu ndiko kulikokuwa ushahidi."

Mkalimani alieleza kwa kirefu. Bwana akamnong'oneza askari, askari akatoka. Nikaambiwa nisimame pale pale, uso kwa meza, nisigeuke.

Nikasikia hatua za mtu mzima nyuma yangu, fimbo, pumzi. Akapita mbele. Alikuwa mzee nisiyemjua, nikamtazama. Akaja mwingine, nilimjua, ni babu yake Asajile, akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu. Bwana alikuwa ananitazama miguu, kaka, si uso! Kisha hatua nyingine. Hakukohoa. Hakusema. Sijui nilijuaje. Labda wanawake wote nyuma yangu walivuta pumzi pamoja. Nguo ilikuwa kichwani kabla sijaamua, na mimi nilikuwa nje. Sikukimbia sana, kwa sababu zile ulizozitaja. Nilitembea upesi, na bunduki safari hii niliziacha zimesimama.

Nyuma nilisikia kicheko kikubwa cha mtu mmoja, kisha cha banda zima. Hezroni anasema Bwana alipiga meza mpaka wino ukamwagika, na jina la Mzee wa Ng'ambo alilitaja Hezroni mwenyewe, likaandikwa juu ya doa. Ameandikwa, kaka. Raia wa huku! Na mimi nimeandikwa chini yake, na chini yangu pameachwa nafasi.

Lakini bado nina maswali. Hezroni ni wa huku, baba yake ni wa kule, na kati yao kuna maji yanayofika kiunoni. Nilimwuliza Hezroni kama anajiona tofauti tangu aandikwe. Akajikagua mikono pande zote mbili. "Udongo ni ule ule," akasema. "Labda itaanza kesho." Na Bwana alicheka, sawa, lakini asingecheka je? Sheria ilikuwa ile ile siku ya kwanza na siku ya pili, na siku ya kwanza ilitufukuza. Hilo silielewi bado, nami silipendi. Usinijibu haraka, lifikirie.

Kabla hajavuka kurudi kwake, mzee alipita hapa kwetu kula. Mimi nilipika nyuma ya migomba, Veronika akapeleka chakula, na kutoka kule nilisikia baba na mwana wanakula na kuzungumza habari za mbegu, kana kwamba hakuna Kaizari popote. Alipomaliza aliaga. Halafu hatua zake zikasimama. Alikuwa amesimama uani, amegeuzia migomba mgongo, na akaanza kusema kwa sauti, akiiambia hewa.

"Migomba ya nyumba hii ni mizuri. Nimetembea nchi mbili, ya huku na ya kule, sijapata kuona migomba inayokimbia vizuri namna hii. Ndaga fijo, nashukuru sana."

Nilikuwa nimejaza nguo kinywani kicheko kisitoke, na machozi yananitiririka, na siwezi kumjibu, kaka, siwezi, hata Kaizari angeniamuru. Akaendelea kusimama. Alikuwa anangoja.

Basi nikanyoosha mkono, nikashika jani moja kubwa, nikalitikisa.

Neli